Laini ya Umeme, Transfoma au Mnara wa Simu Karibu na Nyumba: Mwongozo Kamili wa Kujua Kama Afya Yako Iko Hatarini

Mama mjamzito anaamka na kukuta transfoma imefungwa kwenye nguzo mbele ya dirisha la chumba chake. Mtu mwingine amepata kiwanja kizuri, ila laini ya umeme mkubwa inakatiza juu ya kona yake. Wazazi wanasikia mnara wa simu utasimamishwa jirani na shule. Wote wanauliza swali moja: tutaugua?

Ukiwajibu "ndiyo", utawajaza hofu. Ukiwajibu "hapana", hawatakuamini, maana lisemwalo lipo. Na majibu yote mawili yanawaacha palepale, kwa sababu hayawaambii wafanye nini kesho asubuhi. Mimi naona mtu anayeishi karibu na vitu hivi anahitaji kujua mambo matatu: chanzo ni cha aina gani, kiko umbali gani na mahali anapokaa muda mrefu, na kinachomfikia ni kiasi gani. Mambo haya unaweza kuyachunguza mwenyewe, na sehemu kubwa yake haihitaji kifaa chochote.

Hatua ya kwanza: anza na hatari inayoua leo

Kabla ya kuzungumzia mawimbi, tazama nyaya zenyewe. Nalitanguliza hili makusudi. Watu hubishana miaka mingi kuhusu mionzi ya laini, huku ngazi ya chuma imeegemezwa ukutani mita chache kutoka kwenye waya usio na ganda. Umeme wa laini unaua kwa kugusa, na ule wa msongo mkubwa unaweza kuruka hewani na kukupiga kabla hujaugusa.

Kama kiwanja au nyumba iko chini ya laini au kando yake, uliza upana wa mkuza wa laini hiyo, yaani ukanda ambao hairuhusiwi kujenga wala kupanda miti mirefu. Ulizia kwa shirika linalomiliki laini, usiulizie kwa muuzaji wa kiwanja. Mkuza upo hasa kwa sababu ya waya kukatika, kulegea kwa joto, kuyumba kwa upepo na moto, pamoja na kuwapa mafundi nafasi ya kufanya kazi. Ukiuheshimu, utakuwa umejiepusha na kifo cha umeme na pia umepunguza kwa kiasi kikubwa uga wa sumaku, yaani nguvu ya sumaku inayotanda kuzunguka waya wenye mkondo, unaokufikia. Hakuna hatua nyingine katika mwongozo huu inayolipa hivyo.

Waya ukianguka, uchukulie kwamba una umeme hata kama umetulia kimya. Kaa mbali angalau mita 10 na zuia watoto. Ukijikuta tayari uko karibu nao, ondoka kwa hatua fupi sana za kuburuza, miguu ikiwa imeshikana, bila kuinyanyua. Ardhi inayozunguka waya ulioanguka huwa na volti tofauti kila hatua, na ukipanua miguu, umeme hupanda kwa mguu mmoja na kushukia mwingine.

Bati la paa, uzio wa chuma au waya wa kuanikia nguo vilivyo chini ya laini ya msongo mkubwa vinaweza kukusanya chaji na kukuchoma kidogo unapovigusa. Watu wengi hudhani wamepata ushahidi wa mionzi. Huo ni uga wa umeme wa laini unaoingiza chaji kwenye chuma ambacho hakijaunganishwa ardhini. Mwite fundi umeme aviunganishe na ardhi ipasavyo, na waarifu wenye laini.

Hatua ya pili: tambua familia ya chanzo chako

Neno "mionzi" limebebeshwa mzigo mzito mno. Limejumuisha eksirei, mabomu ya nyuklia, jua, redio na waifai katika kapu moja. Eksirei na vitu vya nyuklia vina nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu, na hivyo vinaweza kuvunja vinasaba moja kwa moja. Mawimbi ya umeme wa nyumbani na ya simu hayana nguvu hiyo hata yakirundikwa. Yakizidi sana yana madhara ya namna nyingine, na madhara hayo yanategemea familia.

Familia ya kwanza ni ya umeme wa gridi: nyaya, transfoma, vituo vya kupozea umeme, mita, mfumo wa nyaya ndani ya nyumba, na kila kifaa kilichochomekwa. Umeme huu hubadilika mara 50 au 60 kwa sekunde kulingana na nchi. Unazalisha nyuga mbili tofauti, na ni muhimu usizichanganye.

Uga wa umeme hutokana na volti. Upo hata taa ikiwa imezimwa, mradi waya una umeme. Lakini ni dhaifu wa kupenya: ukuta, paa na hata mti vinauzuia kwa sehemu kubwa.

Uga wa sumaku hutokana na mkondo, yaani ampea zinazopita. Unapanda saa watu wanapowasha majiko na vipoza hewa, unashuka usiku wa manane. Ukuta hauuzuii. Mabishano yote kuhusu laini za umeme na saratani yanahusu uga huu wa sumaku. Hupimwa kwa maikrotesla, na vipimo vingine huonyesha miligausi. Miligausi 10 ni sawa na maikrotesla 1. Andika kanuni hiyo mahali, maana wengi wamejitisha kwa kusoma miligausi 4 kana kwamba ni maikrotesla 4.

Familia ya pili ni mawimbi ya redio: minara ya simu, ruta za waifai, bluetooth, vituo vya redio na televisheni, mita za umeme zinazotuma taarifa zenyewe, na simu yako. Hapa mawimbi yanabadilika mamilioni hadi mabilioni ya mara kwa sekunde. Athari yake iliyothibitishwa ni moja, nayo ni kupasha mwili joto. Kinachofika mahali ulipo hupimwa kwa wati kwa mita ya mraba, na kinachofyonzwa na mwili hupimwa kwa wati kwa kilo moja ya uzito.

Andika kwenye karatasi kila chanzo unachokiona na familia yake. Transfoma si mnara. Ushauri wa kimoja haufai kwa kingine, na mkanganyiko huu ndio unaowapeleka watu kununua vitu visivyowasaidia.

Hatua ya tatu: jua sayansi imefika wapi

Sehemu hii ni ndefu. Iruke kama una haraka, lakini uirudie kabla hujafanya uamuzi mkubwa kama kuhama.

Hadithi ya laini za umeme ilianza mwaka 1979. Nancy Wertheimer na Ed Leeper walichapisha utafiti uliofanyika Denver, Marekani, uliodokeza kwamba watoto waliokufa kwa saratani walikuwa wakiishi zaidi kwenye nyumba zilizo karibu na nyaya zinazobeba mkondo mkubwa. Watafiti hao hawakutegemea vipimo vya uga ndani ya nyumba. Walitazama aina na ukaribu wa nyaya nje, wakakadiria. Hata hivyo swali lilikuwa zito, na tafiti nyingi zikafuata.

Mwaka 2000 takwimu za tafiti hizo ziliunganishwa katika chambuzi mbili kubwa. Mmoja ulikuta kwamba watoto waliokuwa katika uga wa wastani wa maikrotesla 0.4 au zaidi walipata lukemia, yaani saratani ya damu, takriban mara mbili ya wengine. Mwingine ulikuta ongezeko la takriban mara 1.7 kuanzia maikrotesla 0.3. Chini ya hapo hakukuonekana tofauti ya maana. Nyumba zenye wastani wa juu kiasi hicho ni chache sana, asilimia chache tu, kwa hiyo idadi ya watoto waliohesabiwa katika kundi hilo ilikuwa ndogo.

Kwa msingi huo, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, IARC, liliuweka uga wa sumaku wa umeme wa gridi katika kundi la 2B, "huenda ukasababisha saratani". Mawimbi ya redio nayo yakawekwa kundi hilohilo Mei 2011. Kundi la 2B linatafsiriwa vibaya kila siku. Linaeleza uzito wa ushahidi uliopo, halielezi ukubwa wa hatari. Maana yake ni kwamba kuna dalili fulani, lakini hazitoshi kuthibitisha, na zinaweza kuwa zimetokana na kasoro za utafiti. Dondoo ya jani zima la mshubiri imo kwenye kundi hilohilo.

Tangu hapo maabara hazijapata njia inayoeleweka ambayo uga dhaifu hivyo ungesababisha lukemia. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2014 uliongeza fumbo: hatari iliyoonekana kwa watoto waliozaliwa karibu na laini kubwa katika miaka ya 1960 na 1970 ilififia miongo iliyofuata, ingawa laini zilibaki. Kama uga wenyewe ungekuwa chanzo, ungetegemea hatari iendelee. Huenda ni mabadiliko ya aina ya watu wanaoishi maeneo hayo. Shirika la Afya Duniani lilipitia suala zima mwaka 2007 na kukadiria kwamba, iwapo uhusiano huo ni wa kweli, ungehusika na kesi kati ya 100 na 2,400 za lukemia ya watoto kwa mwaka duniani kote, kati ya kesi takriban 49,000. Neno "iwapo" hapo lina uzito wake.

Msimamo wangu ni huu: ushahidi hautoshi kumwambia mtu auze nyumba, lakini unatosha kumwambia asogeze kitanda cha mtoto iwapo kimeegemea ukuta wenye bodi kuu ya umeme. Kusogeza kitanda hakumgharimu mtu chochote.

Kwa mawimbi ya redio, hofu imehusu zaidi uvimbe wa ubongo kwa watumiaji wakubwa wa simu. Mwaka 2022 matokeo ya utafiti uliofuatilia mamia ya maelfu ya wanawake Uingereza hayakuonyesha ongezeko la uvimbe huo kwa watumiaji wa simu. Mwaka 2024 mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, yakijumuisha tafiti 63, yalifikia jibu hilohilo, na hayakukuta ongezeko la saratani kwa watoto kutokana na minara ya redio, televisheni na simu.

Utasikia pia habari za panya. Ni kweli: mwaka 2018 mpango wa taifa wa Marekani wa uchunguzi wa sumu ulitangaza kwamba panya dume waliopigwa mawimbi ya simu walipata uvimbe kwenye moyo zaidi ya wengine. Lakini walipigwa mwili mzima, saa 9 kwa siku, kwa takriban miaka miwili, na kundi la juu lilipokea wati 6 kwa kilo. Kikomo cha mwili mzima kwa raia ni wati 0.08 kwa kilo, kwa hiyo kile kilikuwa mara 75. Na panya hao waliishi muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakupigwa mawimbi. Matokeo hayo yanastahili heshima, ila hayasemi kitu kuhusu mnara ulio mita 200 kutoka kwako.

Watu wanaoumwa kichwa, kukosa usingizi au kuhisi ngozi inawaka karibu na mnara wanaumwa kweli, na ni ukatili kuwacheka. Majaribio mengi yamefanywa ambapo mhusika na mpimaji wote hawajui kama mawimbi yamewashwa au la. Katika hali hiyo watu hawawezi kutambua lini yamewashwa, na dalili hutokea hata yakiwa yamezimwa. Kwa hiyo nenda kwa daktari na umweleze dalili kwanza, kabla ya kumweleza mnara. Kama kichwa kinawauma wengi mkiwa ndani na kinapoa mkitoka nje, zimeni jenereta, jiko la mkaa au la gesi mara moja, fungueni madirisha na mtoke. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu na huua familia nzima usingizini. Itakuwa msiba mara mbili ikiwa mtu atalaumu mnara na kuacha jenereta inguruma chini ya dirisha.

Hatua ya nne: elewa vikomo, na kwa nini vinachanganya watu

Nchi nyingi hufuata vikomo vya tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyong'oa elektroni, inayojulikana kwa herufi ICNIRP. Kwa raia, kikomo cha uga wa sumaku wa umeme wa gridi ni maikrotesla 200 kwa mwongozo wa 2010. Ule wa 1998 ulikuwa 100 kwa hertzi 50, yaani umeme unaobadilika mara 50 kwa sekunde, na baadhi ya nchi zimebaki nao. Uga wa umeme ni kilovolti 5 kwa mita kwa hertzi 50. Kwa mawimbi ya redio, mwongozo wa 2020 unaweka wati 4.5 kwa mita ya mraba kwenye megahertzi 900, wati 9 kwenye megahertzi 1,800, na wati 10 kuanzia gigahertzi 2 kwenda juu, hivyo masafa ya mtandao wa simu wa kizazi cha tano (5G) nayo yamo humo.

Sasa mtu anauliza, na ana haki: tafiti zinataja 0.4, kikomo kinasema 200, nani anatudanganya? Hakuna. Kikomo kinalinda dhidi ya madhara yaliyothibitishwa, kama vile neva kusisimka au kuona vimulimuli machoni, yanayotokea kwenye nyuga kubwa sana. Namba 0.4 ni mstari wa kitakwimu wa jambo ambalo halijathibitishwa. Ukizichanganya utadhani nyumba yenye maikrotesla 1 imevunja sheria, au utadhani nyumba yenye 50 haistahili kuulizwa swali. Mimi hutumia kikomo cha ICNIRP kama ukuta usiovukwa, na 0.4 kama kengele ya kunifanya nitafute chanzo pale mtoto anapolala.

Hatua ya tano: pima kwa macho na hatua za miguu

Nyuga hizi zina tabia moja inayokufaa: zinapungua haraka unaposogea. Vifaa vya nyumbani ndio mwalimu mzuri. Kikausha nywele kilicho sentimita 3 kutoka kichwani kinaweza kutoa kati ya maikrotesla 6 na 2,000. Kwa sentimita 30 ni kati ya 0.01 na 7, na kwa mita 1 hakizidi 0.03. Oveni ya maikrowevu ina maikrotesla 4 hadi 8 kwa sentimita 30, na chini ya 1 kwa mita moja. Friji, ambayo watu wengi hulala ukuta wa pili wake, ina 0.01 hadi 0.25 kwa sentimita 30.

Chini kabisa ya laini kubwa ya kusafirisha umeme, uga wa sumaku unaweza kufika maikrotesla 20. Ukienda mita 50 hadi 100, kwa kawaida unakuta kiwango kilekile cha maeneo yasiyo na laini kubwa. Pima umbali huo kwa kutembea, kutoka chini ya waya wa pembeni hadi ukuta wa chumba cha kulala. Nyaya zilizozikwa ardhini huwa na uga mkali zaidi ukiwa juu yake kabisa, kisha unaanguka haraka kuliko wa nyaya za juu.

Transfoma ya kwenye nguzo hutisha kwa mngurumo wake, lakini uga wake huisha ndani ya mita chache. Kinachoweza kubaki ni uga wa nyaya zinazotoka humo kwenda kwenye nyumba. Vivyo hivyo kwa vituo vya kupozea umeme: nje ya uzio, uga mkubwa kwa kawaida ni wa laini zinazoingia na kutoka.

Mnara wa simu una tabia tofauti, na watu wengi huisoma kinyume. Antena huelekeza mawimbi mbele, kama tochi iliyoinamishwa kidogo. Anayekaa chini ya mnara au chini ya paa lenye antena mara nyingi hupata kidogo kuliko aliye mbali mbele yake. Tukadirie. Chukua antena ambayo, ukijumlisha nguvu yake na jinsi inavyoielekeza, ni sawa na chanzo cha wati 1,000 kinachomwaga pande zote. Mtu aliye katikati ya mwale wake kwa umbali wa mita 100 hupata takriban wati 0.008 kwa mita ya mraba. Kikomo kwa megahertzi 900 ni 4.5. Kwa mita 10 anapata takriban 0.8. Kwa mita 2 anapata takriban 20, na hapo amevuka kikomo. Kwa hiyo mtu wa kuhofia ni fundi wa paa, mpaka rangi, au mtoto anayepanda juu ya jengo na kukaa mbele ya antena. Kama kuna antena juu ya jengo lenu, hakikisha mlango wa paa umefungwa na alama ya tahadhari ipo. Mapitio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba mahali watu wanapofika, mawimbi ya minara yalikuwa kati ya asilimia 0.002 na 2 ya vikomo vya kimataifa.

Ruta ya waifai ina nguvu ya takriban wati 0.1. Iweke mita moja au mbili kutoka unapokaa, na umemaliza.

Hatua ya sita: pima kwa kifaa

Usitumie programu ya simu. Kihisi cha sumaku ndani ya simu kimetengenezwa kwa ajili ya dira, na kinachosoma zaidi ni sumaku ya dunia, ambayo ni kati ya maikrotesla 25 na 65 kila mahali duniani. Mtu anasoma kwamba hatari ni 0.4, anafungua programu, anaona 47, anakosa usingizi. Alichopima ni dunia aliyozaliwa juu yake, na uga huo wa dunia hautikisiki kama wa gridi. Wala hakuna programu inayoweza kugeuza simu kuwa kipimo sahihi cha mawimbi ya mnara.

Tafuta kipima uga wa sumaku cha masafa ya gridi, chenye vihisi vya pande tatu. Kama kina kihisi cha upande mmoja, kizungushe pande zote na uchukue namba kubwa. Azima au kodi ukiweza, maana utakitumia siku moja au mbili.

Anza kitandani, usawa wa mto. Kisha katikati ya kila chumba, mita 1 kutoka sakafuni. Kisha mahali pa kusomea na kukaa. Andika namba, saa na vifaa vilivyowashwa. Rudia jioni wakati matumizi ya umeme yamepanda, na usiku wa manane. Usiandike namba uliyoipata kwa kugusisha kifaa kwenye friji au ukutani, kwa sababu hakuna anayeishi humo.

Kisha fanya jaribio ambalo naliona ni la thamani kuliko mengine yote: zima swichi kuu ya nyumba na upime tena. Namba ikianguka hadi karibu na sifuri, chanzo kimo ndani mwako, na laini ya nje umeionea bure. Namba isipobadilika, chanzo ni cha nje, au cha jirani mnayeshiriki ukuta. Jaribio hili la dakika kumi humaliza ugomvi wa miaka.

Kama chanzo ni cha ndani, washa vifaa kimoja kimoja. Ikiwa uga umetanda chumba kizima na hautokani na kifaa, shuku nyaya. Katika mfumo mzuri, mkondo unaoenda na unaorudi hupita sambamba na kufutana. Fundi akichanganya waya wa nyutro, yaani waya wa kurudishia mkondo, wa saketi mbili, au nyutro ikagusana na waya wa ardhi mahali pasipostahili, mkondo hurudi kwa njia nyingine na uga hutanda nyumba nzima. Kasoro hiyo inaweza pia kuleta shoti na moto. Mwite fundi mwenye leseni aitafute, usiifungue mwenyewe.

Mawimbi ya redio ni magumu kupima. Vifaa rahisi hupotosha kwa kuwa hukamata kila kitu, pamoja na simu iliyo mfukoni mwako. Hapo ni bora kuomba mamlaka ya mawasiliano wapime.

Hatua ya saba: punguza pale panapopungua bila hasara

Geuza kichwa cha kitanda kitoke kwenye ukuta wa mita, bodi ya umeme au friji. Ondoa chaja na vibadilishi vya umeme karibu na mto. Zima blanketi la umeme kabla ya kulala na ulichomoe.

Kuhusu mawimbi ya redio, chanzo chako kikubwa hakiko juu ya mnara. Kiko mkononi. Simu ya kizazi cha pili inaweza kutoa hadi wati 2 kwa kilele, wastani wa 0.25, na ya kizazi cha nne takriban 0.2, lakini ikiwa milimita chache kutoka kichwani. Tena simu hupandisha nguvu yake mtandao ukiwa dhaifu na kuishusha ukiwa mzuri. Jamii ikiufukuza mnara, kila simu ya mtaa itaanza kupiga kelele kwa nguvu zaidi ili isikike mbali, kando ya kila sikio. Wanaopinga minara kwa nia njema wanapaswa kulifikiria hili. Tumia spika au vifaa vya masikioni kwa mazungumzo marefu, na epuka kuongea sana mahali penye mtandao wa kusuasua.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo aiweke simu angalau sentimita 15 kutoka kifuani, aongee kwa sikio la upande mwingine, na amuulize daktari wake kabla ya kwenda kufanya kazi karibu na mitambo mikubwa ya umeme. Kwake yeye tahadhari ina msingi kamili.

Hatua ya nane: usinunue kinga

Stika za kubandika nyuma ya simu, vidani na bangili haviondoi mawimbi. Stika ikifanikiwa kuzuia kweli, simu huongeza nguvu ili ifikie mnara, na umejipunja. Kuna baya zaidi. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi iliwaonya watu kuhusu bidhaa 10 zilizouzwa kama kinga, zikiwemo vidani, kinyago cha kulalia na bangili ya mtoto. Zilikutwa zinatoa mionzi ile ya kung'oa elektroni, na wenye nazo waliambiwa wasizivae tena. Watu waliokimbia mawimbi yasiyovunja vinasaba walikuwa wamevaa shingoni yale yanayovunja.

Hatua ya tisa: andika barua yenye maswali yanayojibika

Ukiwa na namba zako, waandikie wenye miundombinu na mamlaka husika. Barua inayosema "mionzi inatuua" itajibiwa kwa sentensi moja ya kutuliza. Barua yenye maswali hulazimisha majibu yenye namba.

Kwa laini au transfoma, omba uga wa sumaku uliopimwa kwenye mpaka wa nyumba yako, kwa maikrotesla, pamoja na mkondo uliokuwa ukipita saa ya kupima na mkondo wa juu kabisa ambao laini inaruhusiwa kubeba. Bila namba hizo mbili za mkondo, kipimo cha saa nne asubuhi hakisemi chochote kuhusu saa moja jioni. Omba pia upana wa mkuza kwa maandishi.

Kwa mnara, omba orodha ya masafa yanayotumika, urefu na mwelekeo wa kila antena, eneo ambalo watu hawaruhusiwi kusimama mbele yake, na ripoti ya vipimo kama asilimia ya kikomo, iliyochukuliwa ndani ya jengo lako au uwanja wa shule na sio barabarani tu. Uliza vipimo vitarudiwa lini, kwa sababu mnara mmoja huongezewa antena za kampuni nyingine miaka inavyokwenda.

Hifadhi majibu pamoja na daftari lako la vipimo. Pima upya laini ikiongezwa nyaya, transfoma ikibadilishwa, jirani akifunga mitambo mizito, au wewe ukihamisha chumba cha watoto.